Kura ya Prosesa

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, baba akishaenda zamu na mama akishaanika nguo, mimi huchukua ufunguo msumarini na kwenda kufungua chumba cha kompyuta. Chumba hicho kiko nyuma ya kambi yetu ya askari magereza, hapa Mbale. Zamani kilikuwa stoo ya majembe, na hadi leo kinanuka majembe. Hufungua madirisha mawili yanayotazama mlima wa Wanale, kisha huketi karibu na mlango na kufungua daftari la zamu.

Naitwa Ritah. Nina miaka kumi na mitatu, niko darasa la saba, na mimi ndiye mtunzaji wa kompyuta ya Klabu ya Watoto wa Kambi. Watu husema nina kichwa kigumu. Wanasema kweli, na sioni sababu ya kuwapinga kwa hilo.

Klabu yetu ina watoto ishirini na ilikuwa na kompyuta moja tu, tena ya zamani, tuliyopewa na ofisi fulani iliyokuwa inahama. Kila mtoto alikuwa na dakika ishirini kila Jumamosi. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa Fatumah, mwenye miaka minane, mdogo kuliko wote. Alikuwa anaandika hadithi ya mbuzi wao. Kila zamu yake ilipofika, ama muda wa chumba ulikuwa umekwisha, ama kompyuta ilikuwa imekwama, herufi zinatokea moja moja. Kwa miezi mitatu hadithi ya yule mbuzi ilikuwa na mistari minne.

Ndiyo maana tulilima vitunguu. Bibi yangu ana shamba chini ya mlima Wanale, akatukatia kipande. Misimu miwili tulipalilia, tukamwagilia, tukang'oa, mikono ikanuka vitunguu hata kanisani. Fedha zote tuliweka kwenye mfuko mmoja wa turubai kwa ajili ya kitu kimoja tu: kununua kompyuta ya pili, hata kama imeshatumika, ili foleni ipungue na wadogo nao waandike. Wote tulikubaliana hivyo. Nasema wote.

Basi mwezi wa nane Jude akaja na jambo jipya.

Jude ndiye mwenyekiti wetu. Ana miaka kumi na minne na sauti nzito ambayo bado anaishangaa mwenyewe. Ndugu yake mkubwa, Lawrence, anasomea mambo ya kompyuta na amepanga chumba kule Nkoma, mtaa wa hapa hapa Mbale. Jumamosi hiyo Jude alisimama mbele yetu, mikono nyuma kama afisa anayekagua gwaride.

"Nyinyi sikieni," alisema. "Nilienda Nkoma, nikamwuliza Lawrence. Yeye anasema shida ni prosesa. Hiyo ndiyo akili ya kompyuta. Yetu imezeeka. Tukinunua prosesa mpya, yenye nguvu, itakimbia."

"Na kompyuta ya pili?" niliuliza.

"Kompyuta ya pili ya nini, Ritah? Hii moja inakwama. Ukileta ingine nzee kama hii, tutakuwa na mbili za kukwama. Afadhali moja nzuri."

Watoto wakapiga makofi. Nilikasirika, tena sana, kwa sababu hoja yake haikuwa ya kijinga.

"Mwaka jana kompyuta hii ilikuwa na prosesa hii hii," nilisema. "Ilikuwa haikwami. Prosesa si ng'ombe wa kulima, kwamba anachoka miguu. Lawrence ameiona? Ameifungua akaangalia ndani?"

"Lawrence amesoma. Wewe umesoma wapi?"

"Mimi ninakaa nayo kila Jumamosi!"

"Unakaa nayo mlangoni," alisema Jude, na wote wakacheka.

Klabu yetu hupiga kura kwa kupanga mstari, kama wakubwa wanavyofanya kuchagua mwenyekiti wa kijiji. Hakuna karatasi. Wawili wenye maoni tofauti husimama mbele kwenye nyasi, na kila mtu huenda kusimama nyuma ya yule anayemwunga mkono, mchana kweupe, kila mtu akimwona mwenzake. Jude akasimama upande wa mlingoti wa bendera. Mimi nikasimama upande wa bomba la maji.

Watoto kumi na wanane walipanga mstari nyuma ya Jude. Nyuma yangu palikuwa na bomba.

Hata Fatumah alikwenda kwa Jude. Fatumah! Kila kitunguu nilichong'oa, nilimwazia yeye. Alinitazama mara moja, akaangalia chini. Nilikunja mikono, nikainua kidevu, nikasimama hapo hapo mpaka hesabu ikaisha. Machozi yalitaka kutoka, nikayakataza.

Afande Santa aliandika matokeo. Afande Santa ni sajini, askari wa kike anayeilea klabu yetu. Ametoka kaskazini, amekaa stoo za magereza miaka mingi, na ndiye aliyetutungia sheria ambayo hakuna klabu nyingine inayo: aliyeshindwa kwenye kura ndiye hubeba mfuko wa fedha siku ya kununua. Anasema mtu aliyekitaka kitu hukinunua macho yamefumbwa, lakini yule asiyekitaka atakigeuza mara tatu kabla hajalipa.

"Ritah," alisema, "Alhamisi shule zikifungwa tunaenda Jinja. Mimi, Jude, na wewe. Utabeba mfuko."

"Nitabeba, Afande," nilijibu. "Lakini mmekosea wote."

"Hiyo umeshasema. Beba mfuko."

Sasa lazima nieleze habari za kitambaa, ingawa sipendi.

Kompyuta ilipofika kambini, niliona ni kitu cha heshima, na kitu cha heshima hakiachwi uchi. Kwetu redio ina kitambaa, runinga ina kitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa. Bibi alikuwa amenifundisha kroshia, basi nilifuma kitambaa cheupe chenye maua mekundu, kazi ya miezi miwili. Kilifunika kasha zima la kompyuta, juu, mbavuni na nyuma, mpaka mezani. Ili vumbi lisipite kwenye vitundu vya kroshia, nilikishonea bitana kwa kitambaa cha kaki kilichotoka kwenye sare ya zamani ya baba. Mama aliwaita majirani waje waone.

Kisha nikabandika tangazo ukutani: USITOE KITAMBAA. ATAKAYETOA ATAFAGIA WIKI NZIMA. Sisi ni watoto wa kambi. Kitu kikiandikwa ukutani ni amri, na amri haiulizwi. Hakuna aliyeuliza kama kitambaa kinapaswa kuwepo hata wakati kompyuta inafanya kazi. Mara moja tu, Fatumah alikiinua pembeni akaweka kiganja.

"Ritah, hii kitu iko moto kama sufuria," alisema.

"Soma tangazo," nilimwambia.

Akafagia wiki nzima, ufagio ukiwa mrefu kuliko yeye.

Alhamisi tuliondoka Mbale alfajiri, na kabla ya adhuhuri tulikuwa Jinja. Tulitembea kwenye ile barabara kuu yenye maduka ya zamani, majengo ya Wahindi yenye nguzo mbele na mwaka umechongwa juu ya mlango. Mfuko wa turubai niliuvaa shingoni, ndani ya sweta, na kila boda boda aliyetuita nilimkazia macho kama mwizi. Jude alikuwa na karatasi aliyoandikiwa na Lawrence. Alikuwa akiisoma kwa midomo bila sauti, kama mtu anayekwenda kuimba.

Duka tuliloelekezwa lilikuwa la Bwana Swaib, mzee wa makamo mwenye kofia nyeupe na miwani mbili, moja machoni, nyingine kwenye paji la uso. Mezani kwake palikuwa na kompyuta tatu zilizofunguliwa matumbo.

"Karibuni. Afande, karibu kiti," alisema. "Hawa watoto wanataka nini?"

Jude alimpa karatasi. Bwana Swaib aliisoma, akashusha miwani ya pili.

"Prosesa hii ni nzuri sana. Bodi yenu ni gani?"

"Bodi?" aliuliza Jude.

Bwana Swaib akachukua bodi moja ya kijani mezani, pana kama daftari, akaigonga kwa kidole. "Hii. Bodi kubwa. Kila kitu kimepachikwa juu yake. Prosesa inakaa hapa, kwenye hiki kitako. Sasa, kila kitako na prosesa zake. Ya mwaka huu haikai kwenye kitako cha miaka kumi iliyopita. Haiingii, hata ukiomba dua."

Jude alimwonyesha picha ya kompyuta yetu kwenye simu ya Afande, na namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Bwana Swaib akatikisa kichwa.

"Kama nilivyodhani. Mkitaka prosesa hii, mnataka bodi mpya. Bodi mpya haikubali memori yenu ya zamani, kwa hiyo memori mpya. Hapo mtabaki na kasha na skrini tu. Ni kama kubadilisha nyumba na kubakiza mlango."

Nilimtazama Jude. Uso wangu ulikuwa unasema yote.

"Kura imeamua, bwana," alisema Jude polepole. "Fedha zinatosha?"

"Zitatosha, na hazitabaki," alisema Afande Santa, aliyekwisha kupiga hesabu kichwani.

"Ngojeni kwanza," alisema Bwana Swaib. "Mimi ni mfanyabiashara, nataka kuuza. Lakini sitaki mrudi hapa wiki ijayo mnalia. Hiyo kompyuta inafanyaje? Inaanza kwa uvivu, ama inaanza vizuri halafu inachoka?"

Hilo nilikuwa nalijua mimi, si Lawrence wa Nkoma. Nilitoa daftari la zamu kwenye begi langu, nikalifungua mezani. Nilikuwa nimeandika kila Jumamosi: wa kwanza, sawa, wa pili, sawa, wa tatu, pole pole, wa nne, imekwama. Wiki baada ya wiki, vilevile. Hata wiki umeme ulipokatika katikati, ulivyorudi baadaye ilianza tena sawa, kisha ikachoka.

Bwana Swaib alilisoma ukurasa kwa ukurasa. "Nani aliandika hii?"

"Ni mimi."

"Kazi nzuri, binti. Sasa angalia. Prosesa dhaifu ni dhaifu tangu asubuhi. Hii yenu ni nzima asubuhi na mgonjwa akifika mtoto wa nne. Hii inapata joto. Prosesa ikichemka inajipunguzia mwendo yenyewe, isiungue. Kasha lina mashimo ya hewa, pembeni na nyuma. Yako wazi?"

Jude akanigeukia. "Mtunzaji ni huyu."

Jamani, ningesema nini? Mashimo yale niliyajua. Nilikuwa nimeyapima kwa uzi wakati nashona ile bitana, ili kaki iyafunike vizuri, vumbi lisipite. Mara moja nikaona kila kitu: maua mekundu, tangazo ukutani, kiganja cha Fatumah. Niliona pia uso wa Jude atakapojua kwamba Ritah, anayejua kila kitu, aliyewaambia watu kumi na wanane kwamba wamekosea, ndiye aliyekuwa anaipika kompyuta kwa mikono yake.

"Yako wazi," nilisema.

Nilisema uongo. Ulitoka mdomoni laini kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Haya," alisema Bwana Swaib, na akapumua. "Kama yako wazi, basi mimi kutoka hapa siwezi kujua. Labda kweli imezeeka. Nitawaletea bodi, prosesa na memori, muone."

Aliingia chumba cha nyuma. Nikasikia maboksi yakisogezwa. Jude alikuwa anapiga mluzi kwa furaha. Afande Santa alikuwa anasoma bango la simu ukutani. Mimi nilikuwa nasikia mfuko wa fedha za vitunguu ukinilemea shingoni. Nilijaribu kujiambia kwamba wamechagua wenyewe, kwamba niliwaonya, kwamba kura ni kura. Lakini sikuweza kujidanganya vizuri. Tungefunga prosesa mpya, tungeirudisha chini ya kitambaa kile kile, nayo ingechemka kama ile ya kwanza. Vitunguu vyote vingekwenda, kompyuta ya pili isingekuja, na mbuzi wa Fatumah angebaki kwenye mstari wa nne. Na nani alikuwa ametetea kompyuta ya pili kuliko mimi? Nilikuwa nimesimama peke yangu mbele ya kambi nzima kwa ajili ya jambo hili, na sasa nilikuwa naliua mwenyewe ili nisichekwe.

Bwana Swaib alirudi, akaweka maboksi matatu juu ya meza. Jude akayashika kwa mikono miwili. Afande Santa alininyooshea kiganja.

"Ritah, mfuko."

"Sitoi."

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua nyaya akageuka.

"Umesemaje?"

"Mfuko sitoi, Afande."

"Wewe Ritah!" Jude alipandisha sauti. "Ulishindwa! Kumi na nane kwa moja! Unataka kura ngapi?"

"Najua nilishindwa. Sitoi."

Afande Santa hakupandisha sauti. Yeye hupunguza, na hapo ndipo watoto wa kambi huanza kutetemeka. "Ritah. Hiyo ni amri."

"Nipeleke mahabusu, Afande. Nilale huko hata mwezi mmoja. Mfuko sitoi, kwa sababu nimesema uongo." Nilikuwa nimeukumbatia ule mfuko kwa mikono miwili, na sauti yangu ilikuwa imepasuka. "Mashimo hayako wazi. Yamezibwa. Ni kitambaa changu. Nilikiwekea bitana ya kaki, imefunika pembeni, imefunika nyuma, na kinakaa hapo siku nzima kompyuta ikiwa inafanya kazi. Bwana Swaib aliuliza, nami nikamdanganya."

Nje boda boda zilipita, moja, ya pili.

Kisha Jude akasema, taratibu, bila hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Fatumah alikuambia. Alikuambia iko moto. Wewe ukampa ufagio."

Nililia hapo. Nililia mbele ya mteja wa nyaya na mbele ya kila mtu, lakini mfuko sikuuachia.

Bwana Swaib aliyachukua maboksi yake mikononi mwa Jude, akayaweka chini ya meza.

"Banange, jamani," alisema. "Leo siuzi. Kijana, usinune. Mnajua ni kompyuta ngapi zinaletwa hapa na kitambaa? Moja ililetwa na kitambaa na ua la plastiki juu. Watu wanapenda vitu vyao, hapana mbaya. Lakini hii kitu inapumua. Nendeni, mchomoe waya wa umeme kwanza, mfungue kasha, mtoe vumbi kwa brashi laini. Prosesa ina dawa juu yake, nyeupe kama ya meno, ya kupeleka joto kwenye chuma chenye feni. Ile ya zamani imekauka. Ifuteni, mpake hii, kidogo tu, kama punje ya dengu. Halafu iacheni wazi siku nzima. Ikikwama tena, rudini, nitawauzia bodi, prosesa, memori, kila kitu, na roho yangu itakuwa safi."

Tulinunua brashi na kile kichupa kidogo cha dawa. Mfuko ulibaki mzito vilevile. Njia nzima kurudi Mbale Jude hakuongea nami, na Afande Santa alilala, au alijifanya amelala.

Jumamosi klabu yote ilikusanyika. Lawrence alikuja kwa boda boda kutoka Nkoma, maana Jude alikuwa amempigia simu na kumweleza yote. Afande Santa aliniambia nisimame mbele niseme mwenyewe, nami nikasema, kuanzia bitana mpaka uongo wa Jinja. Sikupunguza. Kama ni kupigwa, nilitaka nipigwe mara moja iishe. Wengine waliguna. Mmoja alicheka. Kisha nikakitoa kitambaa kwa mikono yangu, nikabandua tangazo ukutani.

Nilikuwa nimekuja na mkasi. Niliushika kitambaani, tayari kukata.

"Wee, acha," alisema Afande Santa. "Kitambaa kimekosa nini? Kiweke kando."

Lawrence alichomoa waya, akafungua kasha. Sitasahau nilichokiona. Feni ilikuwa imevaa vumbi na nyuzi za kaki, nene kama blanketi. Lawrence alijikuna shingo.

"Na mimi pia niseme ukweli," alisema. "Jude aliponiuliza, nilikuwa nakula chakula cha mchana. Nilimjibu prosesa kwa sababu nilitaka aone ninajua. Ningekuja kufungua, ingekuwa dakika kumi tu." Jude alimtazama ndugu yake kama mtu aliyeuziwa kuku bila miguu.

Wakapiga brashi, wakapaka dawa, wakafunga. Afande Santa akamwita Fatumah akae wa kwanza. Fatumah aliandika dakika ishirini. Akafuata wa pili, wa tatu, wa nne. Mimi nilikuwa na daftari langu mlangoni. Wa nne, sawa. Wa saba, sawa. Wa kumi na mbili, nikaandika sawa kwa mwandiko mzuri. Haikuwa kompyuta mpya. Picha kubwa bado ilizifungua kwa kujivuta, na Jude alihakikisha kila mtu ameliona hilo. Lakini haikukwama hata mara moja, hadi wa ishirini.

Jioni tukapiga kura tena. Jude upande wa mlingoti, kwamba bado tununue bodi na prosesa. Mimi upande wa bomba, kwamba tununue kompyuta ya pili. Nilikunja mikono, nikainua kidevu, nikajiandaa kuwa peke yangu. Baada ya uongo ule nilijua nisingeweza kulaumu mtu.

Wa kwanza kuja alikuwa Fatumah. Alisimama nyuma yangu, karibu sana, nikasikia anapumua.

"Bado umenikosea," alinong'ona.

"Najua. Nisamehe, Fatumah."

"Nitaona," alisema. Lakini hakuondoka.

Wakaja wengine. Kumi na wawili nyuma yangu, sita nyuma ya Jude. Wale sita hawakusogea, na niliwaheshimu kwa hilo, maana najua kusimama kwenye mstari mfupi kunavyouma.

Afande Santa aliandika matokeo, akafunga kalamu.

"Sikieni," alisema. "Huyu Ritah iko na kichwa kigumu. Nyinyi mnataka nimkemee kwa kichwa kigumu? Hapana. Mtu asiyeweza kukataa, atakubali hata upumbavu, na kambi hii imeshaona upumbavu mwingi uliokubaliwa kwa saluti. Alisimama peke yake, vizuri. Alininyima mfuko mbele ya watu, vizuri pia, na Mungu anajua nilitaka kumpa kofi. Lakini Ritah, wewe ulikataa maneno ya kila mtu isipokuwa yako. Tangazo lako hukulikataa. Mtoto mdogo alikuambia ukweli, ukampa adhabu. Siku ingine, kabla ya kukataa la Jude, la Lawrence, la mimi, kataa kwanza la kwako, uligeuze mara tatu, uone kama ni zima. Na ukikuta umekosa, sema hapo hapo. Usingoje mpaka maboksi yako juu ya meza. Na nyinyi wengine, kumi na nane, mlipiga kura juu ya kitu ambacho hakuna aliyekifungua. Umesikia, Jude?"

"Ndiyo, Afande," alijibu Jude.

"Ritah?"

"Ndiyo, Afande. Lakini kura ya kwanza walikosea kweli."

Afande Santa alitazama mbinguni, na watoto wote wakacheka, na mimi nao.

Jude ndiye aliyeshindwa, kwa hiyo Jude ndiye aliyebeba mfuko kwenda Jinja kununua kompyuta ya pili. Afande Santa anasema hajawahi kuona mnunuzi kama yule. Bwana Swaib alimtolea nne, zote akazikataa. Moja feni yake ilikuwa na kelele, ya pili kasha limepinda, ya tatu na ya nne hakueleza sababu. Ya tano aliiwasha akakaa nayo saa mbili nzima, akigusa kasha kwa kiganja kila baada ya dakika chache, mpaka mzee Swaib akamletea chai.

Sasa ziko mbili, bega kwa bega, wazi, zinatazama Wanale. Kitambaa changu kiko mwisho wa meza. Chumba kikifungwa, waya zikachomolewa na vyuma vikapoa, nakitandaza juu yake, na asubuhi nakikunja kabla ya kubonyeza kitu chochote. Fatumah ndiye hukagua.

Na wiki hii ninafagia mimi. Hakuna aliyenipa adhabu hiyo. Tangazo lilikuwa langu, nami ndiye niliyekosa. Leo asubuhi nimefika na ufagio chini ya meza, kwenye kompyuta ya pili, nikakuta miguu miwili midogo inaning'inia, haifiki sakafuni. Mbuzi wake amefika ukurasa wa tatu.

"Inua miguu," nilimwambia.

"Subiri," alisema Fatumah, bila kuniangalia. "Niko kwenye zamu yangu."

Nikasubiri.